Siko seli hukuja nayo peke yako: kijana aliyeifata damu kutoka pwani mpaka ziwani

Kuna mama mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia, nafupisha kidogo: "Assalam alaykum dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, kapimwa kakutwa na siko seli. Mama mkwe anasema kwao haijawahi kutokea, kwa hivo mimi ndo niloileta. Mimi na baba yake ni watoto wa ndugu, baba yangu na baba yake tumbo moja. Sasa mtu kanambia kuna mtafiti alogundua kuwa siko seli ina uhusiano na malaria. Huyo mtu alikuwa nani, alijuaje, na kama ni kweli mbona malaria kwetu siku hizi karibu haipo lakini siko seli iko pale pale?"

Waalaykum salaam mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Mimi si dokta wa wodini, mimi ni mtu wa maabara, zaidi ya miaka 30 nimekaa na hadubini hapa Unguja, lakini swali lako ni la maabara hasa kwa hivo limefika panapo. Na nitalijibu kwa urefu kwa sababu jibu la mama mkwe wako limo ndani ya maisha ya huyo mtu ulomuuliza.

Jina lake ni Anthony Allison. Kazaliwa 1925 Afrika Kusini lakini kakulia Kenya, wazazi wake walikuwa na shamba kule Bonde la Ufa, na utoto wake wote ulikuwa wa ndege na wanyama na kutembea porini. Alivokuwa mkubwa akaenda kusoma Johannesburg, halafu Oxford Uingereza kusomea udaktari. Naanza na hapo kwa sababu ukisoma kazi yake utaona kuwa kilichomsaidia ni kuijua nchi yenyewe, alikuwa anajua Kenya wapi kuna baridi wapi kuna joto, wapi kuna mbu na wapi mtu analala bila chandarua asiumwe. Maprofesa waliokaa Ulaya walikuwa na vitabu vizuri lakini hawakuwa na hilo.

Mwaka 1949 chuo chake cha Oxford kilipeleka msafara Mlima Kenya. Wenzake wakenda kukusanya mimea na wadudu, yeye akaomba akusanye damu za watu. Alikuwa bado mwanafunzi, miaka 24 tu. Nia yake ya kwanza ilikuwa makundi ya damu, haya ya A na B na O, ili aone makabila yanahusiana vipi, lakini pamoja na hayo akawa anapima na siko seli.

Hapa nikueleze kidogo kipimo chenyewe kwa sababu mimi nimekifanya kwa mikono yangu mara nyingi sana. Unachukua tone la damu ya kidole, unaliweka juu ya kioo, unalichanganya na dawa inayoondoa oksijeni, unafunika na kioo chembamba na pembeni unaziba kwa vazlini ili hewa isiingie. Halafu unangoja. Ukiangalia mwanzo unaona chembe nyekundu zote duara, kama mikate ya kumimina iliyobonyea katikati. Baada ya muda, kama mtu ana hiyo hali, moja inaanza kuvutika upande, inafanya ncha, nyengine nayo, mara unaangalia kioo kizima kimejaa vitu vilivyopinda, vina ncha huku na huku, umbo lile lile la mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Ndo maana kwa Kiswahili cha vitabu ugonjwa unaitwa selimundu. Mara ya kwanza nilipoona nilikuwa msichana wa mafunzo na nilikaa kwenye kile kiti mpaka mwalimu wangu akaniambia ninyanyuke wengine wanataka kuangalia.

Sasa Allison alipokusanya matokeo yake aliona kitu cha ajabu. Watu wa pwani kule Mombasa, na watu wa karibu na ziwa Victoria, zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wanabeba siko seli, yaani wanayo kwenye damu lakini wenyewe hawaumwi. Watu wa milimani, nyanda za juu za Kenya, hata 1 katika 100 hawafiki. Na hili ndo la kulishika vizuri mwanangu: wale wa ziwani wengine ni Waluo, lugha yao na asili yao mbali kabisa na Wabantu, na jirani zao ni Wabantu, lakini wote wanabeba kwa wingi. Na Wabantu wenzao wanaoishi mlimani karibu hawabebi. Kwa hivo kabila halielezi kitu hapo, ukoo hauelezi kitu, kinachoeleza ni mahali. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo, na kwa mtu aliyekulia Kenya jibu lilikuwa jepesi, ni malaria.

Lakini kuwaza si kujua. Kulikuwa na fumbo ambalo watu wa vinasaba, yaani elimu ya urithi, walikuwa wanalo siku nyingi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaandikwa tangu 1910, dakta mmoja wa Chicago anaitwa James Herrick aliueleza kutokana na kijana mwanafunzi wa udaktari wa meno alotoka kisiwa cha Grenada. Mwaka ule ule wa 1949 mambo mawili makubwa yalitoka Marekani: James Neel akaonesha kuwa mtoto anaugua akirithi kutoka kwa baba NA kutoka kwa mama, na Linus Pauling na wenzake wakaonesha kuwa tatizo limo ndani ya himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Sasa fumbo ni hili, zama zile watoto wenye siko seli kamili wengi wakifa kabla hawajafika utu uzima, na kila mtoto anayekufa anaondoka na jeni mbili za ugonjwa, yaani ile nakala ya urithi aliyopewa na baba na ile aliyopewa na mama. Ingekuwa hivo tu basi miaka na miaka jeni ingepungua ipotee. Mbona haipotei, mbona mahali pengine iko kwa mtu 1 katika kila 5?

Jibu la Allison lilikuwa kwamba upande mmoja jeni inaua na upande mwengine inaokoa. Mtoto aliyerithi nakala mbili mbovu, tunamwandika SS, anaumwa. Mtoto aliyerithi mbili nzima, AA, mzima kwa siko seli lakini malaria ikimshika utotoni inaweza kumuua. Katikati yupo AS, kapata moja mbovu moja nzima, huyu haumwi siko seli na malaria kali haimuwezi kirahisi. Kwa hivo mahali penye mbu, wanaookoka zaidi wakakua wakaoa wakazaa ni hawa wa katikati, na kila wakizaa jeni inaendelea.

Wazo analo, lakini alirudi kwanza kumaliza udaktari wake. Alikuja tena Afrika Mashariki 1953, na safari hii alikuja kuthibitisha. Uganda, sehemu za Kampala, alipima watoto 290. Katika hao, 43 walikuwa wanabeba siko seli, na waliokutwa na vijidudu vya malaria kwenye damu ni 12 tu. Waliobaki 247 hawabebi, na waliokutwa na vijidudu ni 113. Ukipiga hesabu ni kama 28 kwa mia kwa wabebaji na 46 kwa mia kwa wasiobeba. Mtu anaweza kusema tofauti si kubwa hivo, na kweli watu walisema, lakini kumbuka hao ni watoto walio hai, waliokwisha kufa hawakupangwa foleni ya kupimwa.

Akafanya na jambo jengine ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa. Alichukua watu wazima Waluo 30 waliojitolea, 15 wabebaji na 15 sio, akawaambukiza malaria kwa makusudi halafu akawatibu. Wasiobeba, 14 katika 15 waliugua. Wabebaji waliugua 2. Mimi nikifundisha vijana wa maabara huwa nawatajia namba hizi na papo hapo nawaambia wale 30 ni watu, walikuwa na majina na mama zao, na majina yao hayakuingia kwenye vitabu kama la Allison lilivoingia. Elimu hii unayoisoma leo imepita kwenye miili yao.

Halafu akazunguka, Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu watu 5,000 kutoka makabila zaidi ya 30 akawapima. Ukichora ramani ya malaria na ukachora ramani ya siko seli zinalaliana. Penye malaria nyingi mwaka mzima wabebaji wanafika mpaka 40 kwa mia, penye baridi karibu hawapo. Mwaka 1954 akatoa makala zake tatu. Alikuwa hajafika hata miaka 30. Ulikuwa ndo mfano wa kwanza ulothibitishwa kwa binadamu wa jeni ambayo mazingira yameichagua ibaki, na mpaka leo mwanafunzi wa baiolojia akifika mlango wa urithi lazima aupitie.

Wengi hawakumkubali moja kwa moja, wapo waliorudia majaribio yake wakapata vyengine, ubishi ulichukua miaka. Lakini jirani zetu Kilifi, pwani ya Kenya, miaka ya karibuni, watoto wengi wamefatiliwa kwa muda mrefu na imeonekana wazi: mtoto mwenye AS kinga yake dhidi ya malaria kali inafika kiasi cha 90 kwa mia. Mzee wa watu hakukosea.

Maisha yake ya baadae nitapita haraka. Alihamia kwenye mambo ya kinga za mwili, akafanya kazi London, akarudi Nairobi kuongoza maabara ya utafiti wa maradhi ya wanyama, baadae Marekani. Kule yeye na mkewe Elsie Eugui, nae mtafiti, wakatengeneza dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo ya kupandikizwa, inaitwa maikofenoleti, ikaruhusiwa Marekani 1995 na mpaka leo mtu akipandikizwa figo kuna uwezekano mkubwa anaimeza. Kafariki 2014, miaka 88. Tuzo ya Nobeli hakupata, na mimi naona alistahiki.

Sasa turudi Wete.

Mama mkwe wako anasema kwao haijawahi kutokea. Mtoto wako ni SS, na SS hapatikani bila nakala mbili, moja kutoka kwako na moja kutoka kwa mumeo. Hakuna njia nyengine. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto zote mbili. Kwa hivo mumeo nae anabeba, na ameipata kwa baba yake au kwa mama yake. Kutokuonekana mgonjwa kwenye ukoo si dalili ya kutokuwepo jeni, mbebaji anaishi mpaka uzee akazikwa bila kujua, na zamani watoto waliokufa wadogo walikuwa wakisemwa wamekufa kwa homa, au kwa jicho, au kwa kitu cha usiku, nani alikuwa akipima?

Na hili la watoto wa ndugu. Baba zenu ni tumbo moja, maana yake mna babu mmoja na bibi mmoja. Ikiwa mmoja katika wao alikuwa mbebaji basi inawezekana alimpa baba yako na akampa baba wa mumeo, na kila mmoja akaishusha kwa mwanawe, nyinyi mkakutana. Sisemi kwa uhakika ndo ilivokuwa, inaweza pia kuwa imetoka kwa mama zenu. Ninachosema ni kwamba ndugu kwa ndugu wakioana nafasi ya jeni moja kukutana na mwenzake inakuwa kubwa zaidi, na sisi visiwani tunaoana sana hivo. Sikatazi, dini imeruhusu, nasema mtu apime kabla.

Nitakwambia kwa nini nalisema kwa uchungu. Miaka mingi nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi, nilimpima mtoto wa kike nikaandika majibu kwa mkono wangu mwenyewe, SS, nikampa mama yake karatasi. Baba hakupimwa, hakuna aliyemwambia apimwe, na mimi wakati ule sikuona kuwa ni kazi yangu kusema. Wiki ya pili yule mama alirudi na mwanawe na begi, kaachwa, na karatasi ile ile ndo ilotumika kumwacha. Tangu siku hiyo karatasi ya mtoto haitoki mkononi mwangu mpaka nimeuliza baba yuko wapi.

Swali lako la mwisho, mbona malaria imepungua na siko seli ipo. Ni swali zuri sana na watu wazima wengi hawaliulizi. Visiwa vyetu vilikuwa na kila kitu mbu anachokitaka, joto, mvua, mabonde ya mpunga yaliyotuama maji. Karne na karne watoto wa hapa wamechujwa na malaria, ndo maana jeni ikawa nyingi. Miaka ya 1950 na 60 kulikuwa na kampeni kubwa ya kupiga dawa majumbani, malaria ikashuka, kampeni ikasita nayo ikarudi. Halafu kuanzia 2003 zikaja dawa mseto, vyandarua, na upigaji dawa wa majumbani tena, na ikashuka mpaka chini ya asilimia 1. Kesi bado zinaingia, hasa na wasafiri, usiache chandarua.

Lakini jeni haiondoki kwa mwendo wa dawa ya kupulizia. Chukua mfano, wabebaji ni 20 katika 100. Ndoa 100 zikifungwa bila kupima, kwa wastani 4 zitakutanisha mbebaji na mbebaji, na hao kila mimba ina robo ya kuwa SS, nusu ya kuwa AS, robo ya kuwa AA. Sasa malaria ikiisha kabisa leo hii, jeni itapungua polepole mno, kwa hesabu za vinasaba itachukua vizazi kama 10 ifike nusu ya ilivokuwa, yaani miaka 250 hivi. Ngao tumebaki nayo, vita vimepungua miaka 20 tu ilopita. Na kwa sasa Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wa siko seli duniani, inakadiriwa kiasi cha 11,000 kila mwaka. Muhimbili kuna kazi kubwa imefanyika tangu 2004 chini ya profesa Julie Makani, Mtanzania mwenzetu, na mimi nikimtaja Allison darasani lazima nimtaje na yeye, kwa sababu Allison alituambia kwa nini tunayo, na yeye na wenzake wanashughulika mtoto aliyenayo aishi.

Jambo moja watu wanalichanganya na ni hatari, kwa hivo soma taratibu. Kinga ya malaria ni ya AS, yule mbebaji. Mwanao ni SS, hana ulinzi huo wa kumtegemea, malaria ikimshika inamvuruga damu yake ambayo tayari ni chache na anaweza kufa nayo haraka kuliko mtoto mwengine. Nimeshawasikia watu wanasema mwenye siko seli haumwi malaria, si kweli.

Pengine umeshangaa pia mbona alizaliwa mzima. Mtoto mchanga anazaliwa na himoglobini ya tumboni ambayo haipindi, inambeba kama miezi 6, halafu ile ya utu uzima inaposhika nafasi ndo unaona vidole vya mikono na miguu vinavimba analia ukimgusa. Huenda ulikiona hicho na mkaambiwa ni baridi.

Yanayokuhusu sasa hivi: asikose kliniki, asikose foliki asidi, muulize daktari wake penisilini ya kinga na chanjo za ziada, na muulize kuhusu haidroksiyurea, ni dawa ambayo inairudisha kiasi ile himoglobini ya utotoni na maumivu yanapungua kwa wengi. Maji anywe sana hasa kaskazi, asicheze juani mpaka akaishiwa, usiku wa baridi avae. Mfundishwe wewe na baba yake kupapasa bandama yake, upande wa kushoto chini ya mbavu, ikikua ghafla na mtoto akapauka hiyo ni dharura. Watoto wengine mlonao wapimwe, na mkitaka mimba nyengine mjue robo ile inarudi kila mimba, haihesabu kwamba mlishapata mmoja. Mumeo aende akapime, si kwa kumsuta, aende ili kipimo chake kiandikwe pamoja na chako kwenye kadi moja ya mtoto. Na mwanao akipata homa ya 38 na kuendelea, hata kama ni saa 8 usiku na gari hakuna, mgongeeni jirani, musingoje asubuhi.